Kuku Aliyetolewa Kukomboa Ndege

Kuna watu wa Endarasha ambao mpaka leo wakiniona nimebeba kitu chochote chenye umbo la sanduku, hata kama ni viatu vipya ndani ya boksi lake, wanageuza uso wacheke kando, na mimi siwalaumu hata kidogo, kwa sababu mwanamume mzima, mwalimu wa Kiswahili tena wa sekondari, kuitwa mbele ya kanisa aombewe aache kula ndege wa watu ni aibu ambayo huwezi kuifunika kwa koti. Basi leo acha niisimulie yote, na mkitaka kucheka chekeni. Mimi mwenyewe huwa nacheka vizuri tu mpaka nifike pale kwa kuku, halafu hapo huwa nanyamaza kidogo.

Jina langu ni Makokha, mtu wa Butere, kule magharibi mwa Kenya. Nilipohamishwa kuja kufundisha huku Kieni, Nyeri, nilipanga nyumba ndogo ya mbao katika boma la mama mjane tunayemwita Cucu Nyawira (cucu ni nyanya kwa Kikikuyu, na huku hata chifu anamwita hivyo). Nyumba yake na yangu zinaangaliana, katikati kuna uwanja mdogo na bustani ya kabeji, na baridi ya huku mnaijua, ile ya kukufanya ufundishe ukiwa umevaa kofia ya sufu. Jioni Cucu alikuwa akiniita jikoni kwake tunywe chai karibu na moto. Mke wangu alikuwa amebaki Butere na watoto, na nawaambia ukweli, bila ile chai ningeomba uhamisho kabla muhula haujaisha.

Sasa chini ya paa la nyumba yangu, pale mabati yanapokutana na ukuta, palikuwa na mwanya, na ndani ya mwanya huo waliishi wale ndege wadogo weusi kwa weupe ambao hutembea wakitikisa mkia. Wakikuyu wanawaita kanyoni ka nja, yaani kandege ka uani. Hakuna mtu huku anayewafukuza. Kakifika karibu na mlango wako watu wanasema wageni wako njiani. Marehemu mume wa Cucu alikuwa akiwamwagia makombo ya ugali kabla yeye mwenyewe hajagusa chai, na alipofariki Cucu akaendelea na kazi hiyo. Kila asubuhi alitoa kigoda chake, akaketi akiangalia upande wa nyumba yangu. Mwanzoni nilidhani ananichunga mimi, nikawa najifunga tai vizuri kabla ya kutoka.

Mvua ikaja, paa likavuja, na likavujia kitanda. Nilimlalamikia Cucu kwa heshima lakini bila kuchoka, leo blanketi, kesho madaftari ya wanafunzi, mpaka akaita fundi. Fundi alifanya kazi safi kabisa: akabadilisha mabati, kisha akaziba ile mianya yote kwa mbao, akapaka rangi, nami nikamsifu mpaka akaona haya. Msimu wa kutaga ulipofika wale ndege wakarudi. Wakazunguka paa, wakang'ang'ania zile mbao kwa kucha, wakaanguka, wakaruka tena, wakazunguka upande wa pili. Cucu alikuwa kwenye kigoda chake akiwaangalia, na mimi nilikuwa mlangoni na mkoba wangu.

"Zimekosa mrango, mwarimu," akasema.

Kesho yake hakutoa kigoda, wala kesho kutwa. Hilo liliniuma kuliko angenikaripia, kwa sababu paa lilikuwa langu, kitanda kilikuwa changu, na midomo iliyolalamika ilikuwa yangu. Mzee wake alikuwa ameondoka, sasa na ndege wake wameondoka, na aliyewafukuza ni mpangaji mwenye malalamiko mengi.

Ndipo nikaamua kuwajengea ndege masanduku ya kutagia. Nilitazama picha kwenye simu, za bustani za Ulaya, nikaona visanduku vizuri vyenye paa la mteremko na tundu la duara mbele, nikajiambia hii ni kazi ya wikendi moja. Nikachukua mabanzi kwenye mashine ya mbao, nikaazima msumeno na nyundo, nikaanza. (Mimi si fundi. Sanduku la kwanza lilitoka limeinama mbele, ungedhani linatafuta kitu lilichoangusha.) Kwa kuwa sikuthubutu kupigilia misumari kwenye zile mbao mpya za Cucu, nilichimbia nguzo ndefu za mkaratusi ukingoni mwa bustani, nikayaning'iniza masanduku juu kwa waya. Na nilitaka iwe siri. Nilitaka asubuhi moja Cucu atoe kigoda chake akute kanyoni anaingia na nyasi mdomoni, aelewe mwenyewe, na mimi niwe nimesimama mlangoni nikijifanya sijui lolote.

Siku ya pili yake alinikuta nagonga misumari.

"Mwarimu, hiyo ni nini unatengeneza?"

Hapo ndipo ningesema. Ilikuwa sentensi moja tu. Lakini nilikuwa na siri yangu tamu, nikacheka nikamjibu kimzaha, "Ah, Cucu, hii ni mboga!"

Alitabasamu kidogo, akayaangalia yale masanduku, akaangalia zile nguzo, akarudi ndani. Nami nikaendelea kugonga, nimefurahi kwa kuwa mtu mjanja.

Ili mwelewe ukubwa wa upumbavu huo, lazima niwaambie tulichokuwa tukiongea kule jikoni. Kwetu tunakula kware, sisi tunawaita isindu, na babu yangu alikuwa mtegaji mashuhuri. Alisimamisha nguzo ndefu shambani, akaning'iniza vitundu vyenye kware wa kuita wenzao, na alfajiri wenzao wakija wananaswa kwenye mitego iliyowekwa chini. Hadithi hii nilimsimulia Cucu jioni nyingi, kwa mikono na kwa milio, nikimwonyesha urefu wa nguzo, nikimweleza jinsi babu alivyomwaga chambo na jinsi nyama yake ilivyo tamu ukiikausha kwa moshi. Cucu, ambaye kwao hakuna aliyelelewa kula ndege wa porini, alisikiliza mkono ukiwa mdomoni, akisema, "Ati ndege ndogo hivyo? Na mifupa?" Nami nikajibu kwa majivuno, "Na mifupa, Cucu!"

Sasa jiwekeni mahali pake. Mpangaji wake wa Butere amesimamisha nguzo ndefu, ameziwekea vitundu, ameulizwa ni nini, amesema ni mboga, yaani kitoweo.

Ndege hawakuja haraka, basi nikaona niwavutie. Nikaomba manyoya ya kuku kwenye hoteli moja pale senta, nikayabeba kwa gunia, nikayatia ndani ya masanduku ili wajue ni mahali pa joto. Upepo wa Kieni haukuniuliza. Ulitoa nusu yake ukayasambaza uani mpaka mlangoni pa Cucu. Nikamwaga makombo ya ugali chini ya nguzo. Halafu kila jioni nikitoka shule, kabla hata ya kuvua tai, napanda ngazi nachungulia sanduku moja baada ya jingine, na nikikuta tupu natikisa kichwa kwa masikitiko. Mpita njia mwenye macho angekuwa na haja gani ya kuuliza?

Nilichokiona mimi ni kwamba Cucu alikuwa ameacha kuniita jikoni. Chai bado ilikuja, lakini ililetwa mlangoni kwangu, kikombe kimefunikwa na sahani, naye anageuka kabla sijamaliza kusema asante. Nikajiambia bado ana majonzi ya ndege wake. Nikaongeza manyoya.

Jumapili moja kanisani, wakati wa matangazo, Mama Muthoni, mwenyekiti wa akina mama, alisimama. Ni mama wa nguvu, mfanyabiashara wa viazi, na akiongea hata spika hazihitajiki. Aliongea Kikikuyu kidogo, nikaona vichwa vinageuka upande wangu, kisha akabadilisha kwa Kiswahili, kwa ajili yangu.

"Tuko na mgeni wetu hapa, mwarimu wa watoto wetu. Serikali inatoa mtu kwao mbali inamleta hapa kwa baridi, hajui nani, hajui wapi, mpaka anatega kanyoni ndio apate mboga. Watu wetu, hiyo si aibu yake. Hiyo ni aibu yetu."

Kanisa zima likasema "Ĩĩ" kwa sauti ya chini, ile ya kukubali jambo la kusikitisha. Nilihisi damu yote ya mwili inapanda masikioni. Mwalimu mkuu wangu alikuwa benchi la mbele, na wanafunzi wangu wa kwaya walikuwa wanaangalia viatu vyao, mabega yakitetemeka. Nikaitwa mbele. Nikaenda! Mchungaji akaniwekea mkono kichwani akaomba nipewe riziki ya halali na moyo wa kuhurumia viumbe vidogo, na alipomaliza, mwenye kusema "Amina" kwa sauti kubwa kuliko wote ni mimi.

Mtauliza mbona sikusema. Nilifungua mdomo niseme, lakini nikamwona Cucu kwenye benchi lake, ameinamisha kichwa, anakunja na kukunjua kitambaa. Habari ilikuwa imetoka kwake, hakuna mwingine. Nikisimama pale nikasema ni uongo, nimemfanya Cucu mwongo mbele ya kanisa alimoabudu tangu akiwa msichana. Nikaona heri nimwambie nyumbani, sisi wawili. Lakini nyumbani alifunga mlango, na kila nilipobisha wiki hiyo alisema kutoka ndani kwamba amechoka, mgongo unamuuma, tutaongea. Nilikuwa na aibu na nilikuwa na hasira pia, sitawaficha. Nilijiuliza, watu hawa wamekaa nami muda huu wote, wanawaacha watoto wao mikononi mwangu, na wakaamini haraka hivyo? Kwa sababu tu nimetoka upande ule? Nilifika mahali pa kuanza kuandika barua ya uhamisho kichwani mwangu.

Jumamosi wakaja. Niliwasikia kabla sijawaona, wanaimba wimbo wa kanisa wakipanda barabara, na nyuma yao kuna kila mtu aliyekuwa hana kazi mchana huo, na siku ya soko wasio na kazi ni wengi. Mama Muthoni mbele na kiondo, kile kikapu cha kusuka, kimejaa viazi, mwingine na kabeji, mwingine na sufuria ya mukimo, vile viazi vya kupondwa na mahindi, imefungwa kwa kitambaa, maziwa, maharagwe, unga, mpaka malenge. Wakajaa uani, wakapanga vitu mlangoni kwangu, na mimi nimesimama na suruali ya nyumbani iliyotoboka goti, jambo ambalo bila shaka lilithibitisha umaskini wangu.

"Karibuni," nikasema, maana ningesema nini?

Mama Muthoni akaweka kiondo chini. "Mwarimu, hatukuja kukusema. Tumekuja kukuletea mboga. Ukimaliza hii, sema."

Kisha wakapishana, wakafungua njia, na Cucu akatoka nyumbani kwake. Alikuwa amevaa nguo za Jumapili. Mikononi alikuwa amemshika kuku wake mwekundu, miguu imefungwa kamba, yule kuku pekee aliyekuwa akitaga, ambaye Cucu alimlisha mkononi na kumsemesha kila siku kuliko alivyonisemesha mimi. Akaja mpaka mbele yangu.

"Mwarimu," akasema polepole, "nimeomba Mungu anitoe hasira, na amenitoa. Chukua hii kuku. Iko na nyama mingi. Hizo zingine zilikuwa za mzee wangu. Ziwache."

Hapo ndipo huwa nanyamaza.

Kwa sababu nilikuwa na hasira ya kudhaniwa vibaya, na nilikuwa nimeishika vizuri wiki nzima, na huyu mama anasimama mbele yangu akiamini kabisa kwamba ninakula ukumbusho wa mume wake, na hakunifukuza. Nyumba ilikuwa yake. Angeniambia tu nihame. Badala yake alileta kuku wake wa pekee kuwakomboa. Machozi yakanitoka mbele ya akina mama wote, na wao wakadhani ni ya toba, wakaanza wimbo mwingine.

"Cucu," nikasema, "hayo masanduku si ya kutega. Ni nyumba."

"Ni nyumba ya nini?"

"Ya ndege zako. Nilizifungia mlango, nikataka kuzifungulia mwingine."

Hakuna aliyeamini, na hasa Mama Muthoni, ambaye alikamata nguzo iliyokuwa karibu akaitikisa. "Na hiyo manyoya? Ni ya nyumba pia?" Basi nikaleta ngazi. Nikapanda mbele ya umati nikateremsha sanduku, na nikiwa katikati ya kushuka waya ukakatika, sanduku likaanguka, likapasuka, na manyoya yote ya hoteli yakaruka juu ya uwanja yakawamwagikia akina mama vitambaani, kwenye mukimo, kila mahali. Kisha mtu kule langoni akaanza kucheka, na kicheko kikaja mbele mtu kwa mtu, na nikabaki nimeshika ngazi na waya.

Cucu peke yake hakucheka. Aliinama akaokota vipande, akavigeuza. Hakuona kamba, hakuona mtego. Aliona mahali nilipopiga msasa sakafu ya ndani ili isiumize makinda, na mahali nilipoweka nyasi laini chini ya manyoya. Alipitisha kidole pale.

"Na mbona hukuniambia?"

"Nilitaka uone mwenyewe, Cucu."

"Rakini niliona, mwarimu," akasema, na sauti yake haikuwa ya ukali. "Niliona vile wewe mwenyewe uliniambia kwa moto wangu. Nguzo, chakula chini, sanduku juu. Nikakuuliza, ukasema ni mboga. Mimi nitaambia nani ati unadanganya?"

Niliangalia zile nguzo, na wallahi ndipo nilipoziona. Picha ya simu haikuwa na nguzo. Yale masanduku ya Ulaya yalikuwa yamepigiliwa kwenye miti. Nguzo nilizitoa wapi? Nilizitoa Butere, shambani kwa babu, urefu ule ule, zimepangwa mstari ule ule ukingoni mwa shamba, na sikuwa nimejua kwamba mikono yangu inakumbuka. Mtu yeyote aliyesikiliza hadithi zangu kwa makini angeona mitego. Na Cucu alikuwa amezisikiliza kwa makini kuliko wanafunzi wangu wote.

Hasira yangu ikakosa mahali pa kukaa. Ni kweli waliamini mabaya juu yangu haraka, na hilo sitasema halikuuma. Lakini waliponidhania mabaya hayo walijilaumu wao, wakabeba viazi mlimani. Na mimi nami, niwaambie, nilikuja huku nimeambiwa watu wa Nyeri hawatoi kitu bure, nikaiamini habari hiyo bila hata kuona nguzo moja.

Vitu havikurudishwa. Nilijaribu, Mama Muthoni akaniambia kilichoombewa hakirudi, nikala mukimo wenye manyoya kwa siku kadhaa. Kuku nilimrudisha kwa nguvu, nikamfungua kamba, akakimbia moja kwa moja kwenye kabeji, na Cucu akamfukuza akimtukana kwa furaha. Jioni hiyo nikaitwa jikoni. Chai ilikuwa na majani mengi. Alinimiminia kikombe kisha akaniuliza, "Sasa hiyo isindu. Kweli na mifupa?"

Masanduku yangu ndege hawakuyataka kamwe, hata Cucu alipokwisha kuyajua. Moja lilichukuliwa na shomoro, mengine upepo. Ila kile kiondo cha Mama Muthoni, ambacho nilikuwa na haya ya kukirudisha kwa sababu ningelazimika kufika kwake sokoni mbele ya watu, nilikitundika kwenye msumari kando ya mlango wangu, chini ya paa, nikakisahau. Nilipokikumbuka kilikuwa na nyasi ndani, na mkia mweusi kwa mweupe unatikisika ukingoni.

Mama Muthoni alikuja kukidai mwenyewe, amechoka kungoja. Aliingia langoni akiongea kama kawaida yake, "Mwarimu, kiondo yangu, ama hata hiyo ulikura?" Cucu alikuwa kwenye kigoda chake, mahali pake pa zamani, akaweka kidole mdomoni. Mama Muthoni akatazama juu. Akaona. Yule mama ambaye hahitaji spika akageuka, akatoka langoni kwa ncha za vidole, akafunga komeo polepole lisilie.

Tangu hapo nimeapa: nikimtendea mtu jema, nitamwambia siku hiyo hiyo, kwa sentensi nzima, hata kama itaharibu utamu. Na mtu akiniuliza ninatengeneza nini, sitataja mboga.